Mashine ya Yoba Iliponyamaza

Miaka kumi na moja niligombana na mashine ya kusaga ya jirani yangu Pili, na miaka yote hiyo mashine ndiyo iliyoshinda. Ukuta wa chumba changu cha kulala na ukuta wa mashine yake ni ukuta mmoja. Asubuhi Pili alipoiwasha injini, vikombe vyangu vilianza kutembea vyenyewe juu ya meza. Mume wangu Cubaka alizoea upesi, kwa kuwa yeye ni dereva wa teksi na masikio yake yalikwisha kuchakaa zamani. Mimi sikuzoea. Nilikuwa nafungua dirisha na kuitukana ile injini kana kwamba ni mtu mwenye akili zake, na Pili ananipungia mkono uliojaa unga, anacheka, maana hasikii hata neno moja ninalosema.

Jina langu ni Joséphine, ila hapa mtaani Yoba wananiita Mama Gracieuse. Nilitoka Kivu ya Kusini na mabunda mawili ya vitenge kichwani, nikafika Gitega, na mpaka leo nauza vitenge sokoni. Kuandika maisha ya watu si kazi yangu. Ya Pili nayaandika kwa sababu nusura tumpoteze, na chanzo kilikuwa kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakiombea kila asubuhi.

Pili alizaliwa Muyinga, mtoto wa fundi cherehani aliyeshona kanzu karibu na msikiti. Alikuja Gitega kuolewa na Shafii akiwa na miaka ishirini na mmoja, amekaa juu ya magunia kwenye lori la mchele. Harusi ilipokwisha, Shafii akampeleka kwenye injini hata kabla hajampeleka jikoni. "Alinionyesha pa kutia mazutu kabla hajanionyesha pa kuweka chumvi," Pili anapenda kusimulia. Mazutu ndiyo dizeli, sisi huku tunaiita hivyo. Mungu hakuwajalia watoto, basi wakailea injini. Walijua ikikohoa ina nini, na ikigoma inataka nini. Shafii alifunga kopo la maziwa ya unga kwenye mdomo wa bomba la moshi, makusudi, ili mlio utoke mkubwa uvuke bonde: tuku-tuku-tuku, mpaka mlima wa ng'ambo. Nilimwomba mara ngapi alitoe lile kopo? Kila mara alinijibu kwa adabu, na kila mara kopo likabaki palepale.

Miaka minne iliyopita Shafii akafa, presha. Pili alipomaliza eda alitoka nje asubuhi, akafunga kanga kiunoni, akashika chuma cha kuwashia injini. Wanaume watatu walikuwa wamesimama pale wakingoja kuona mwanamke akishindwa. Mara ya kwanza chuma kilimrudi kikampiga mkono. Mara ya pili injini ilitoa moshi mweusi ikanyamaza. Mara ya tatu ikalia. Nilipiga makofi dirishani, nikasahau kabisa kwamba yule ni adui yangu.

Kisha mafuta yakaanza kukosekana.

Asiyekaa huku anaweza kudhani mafuta ni shida ya wenye magari. Sisi tumefundishwa vingine. Chumvi ilichelewa. Samaki wa ziwani walifika Gitega wamekwisha kunuka. Mwalimu wa mtaa wetu alitembea kwa miguu mpaka shuleni na kufika amechoka kuliko wanafunzi. Teksi ya Cubaka ilikaa foleni siku nne mbele ya kituo cha mafuta, yeye analala ndani, mimi nampelekea chakula kwenye sahani iliyofunikwa. Siku ya tano wakatangaza kwamba esansi, yaani petroli, imekwisha. Akaisukuma mpaka nyumbani na wenzake watatu, na tangu hapo gari limekaa uani kwetu. Kila Jumamosi analiosha. Namwambia, "Baba Gracieuse, unaosha maiti." Ananuna mpaka jioni.

Kwa Pili kazi ikawa ya kubahatisha. Kaka yake mkubwa, Athumani, ni mfanyabiashara wa mchele Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, na alikuwa akimtumia bidoni moja moja, yaani dumu, ya mazutu nyuma ya magunia. Bidoni ikifika, mashine inalia siku mbili. Ikiisha, wiki nzima kimya. Akina mama wa mlima wa ng'ambo, ambao ndio wateja wake hasa, walishuka na beseni za mihogo mikavu kichwani, wakakuta mlango umefungwa, wakapanda tena na mzigo uleule. Ule mlima ninaujua. Hata mikono mitupu unakutoa jasho.

Mwisho hata bidoni za Muyinga zikakatika. Njiani askari walikuwa wanakagua kila lori. Mwaka jana, mwezi wa nne, Athumani mwenyewe akaja, akakaa kwenye mkeka wa Pili, akanywa chai, na mimi nikiwepo akasema neno lake.

"Pili, hapa unalinda nini? Mume hayupo, mtoto hayupo, sasa na mafuta hayapo. Kule kwetu nimepata mtu anayeitaka injini, na sisi tuko jirani na mpaka, mafuta hatukosi. Idi ya kuchinja ikipita nakuja na lori. Nachukua injini, nakuchukua na wewe. Chumba nimekujengea, kipo nyuma ya nyumba yangu."

Pili aliinama tu. "Sawa, kaka," alisema.

Angekuwa mtu mbaya, ningemjibu mimi mwenyewe, maana mdomo ninao. Lakini Athumani ni mtu mwema, chumba alikijenga kwa mapenzi, na wema kama huo hauna pa kuushika ukaubishia. Alipoondoka, Pili akaniambia, "Mama Gracieuse, mi nikienda kule nitakuwa shangazi wa kutumwa sukari. Hapa iko kwangu. Hapa hata nikilala na njaa, nalala kwangu."

Hayo ndiyo angeyapoteza: nyumba yake, mlango wake, na jina la mwanamke anayesaga mwenyewe. Na tarehe ilikwisha kuwekwa.

Siku chache baadaye alisikia kwamba Itaba kuna ushirika unaosaga kwa jua. Akapanda nyuma ya baiskeli ya kukodi, akaenda. Alirudi kesho yake na fundi mmoja mwembamba anayeitwa Valentin, amebeba mfuko wa spana. Ushirika ulikuwa umepata mota kubwa zaidi, na ile ndogo ya mwanzo pamoja na paneli zake ilikuwa imewekwa tu stoo. Pili akawapa pikipiki ya marehemu, iliyokuwa imelala bila esansi tangu azikwe, nao wakampa mota na paneli. Alipoisukuma ile pikipiki kuitoa uani alilia kidogo, akapangusa usukani kwa kanga, kisha akasema tuendelee na kazi.

Valentin alizifunga paneli juu ya bati, akauvisha mkanda kwenye mashine ileile ya zamani, na injini ya Shafii ikasukumwa pembeni. Kesho yake saa tatu asubuhi, jua lilipoanza kupiga bati, akabonyeza. Nilikuwa nimejikunja kungoja kelele. Sikusikia kitu. Nilipoingia nikakuta mawe yanazunguka, unga unashuka mweupe, na mota inanguruma chini kwa chini kama cherehani. Pili aliusugua unga kati ya vidole viwili, akauonja kwa ulimi, akafumba macho.

"Bon," alisema Valentin. "Jua ikiwa iko, unasaga. Mawingu ikikuja, unapumzika. Ni hivyo tu."

Usiku ule nilijua kwamba kesho nitaamka nitakapotaka mwenyewe. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na Valentin.

Wateja hawakuja.

Majirani wa hapa Yoba walikuja, wanne leo, watatu kesho, kila mmoja na kibakuli chake. Lakini wa mlimani, wale wa beseni kubwa, hakutokea hata mmoja. Wiki ikapita, na ya pili ikafuata. Jua lilikuwa kali, kiangazi kimeanza, paneli zinameta juu ya bati, na Pili amekaa mlangoni, mikono mapajani. Sikuwahi kuiona mikono yake ikiwa safi vile, na niliichukia ile hali.

Alitafuta kosa kwenye unga. Alikaza mawe, akalegeza, akabadilisha chujio. Alimwita Valentin arudi, naye akakagua kila kitu na kusema mashine haina ugonjwa. Mwishowe Pili akajipa jibu lake mwenyewe: watu hawautaki unga wa jua. "Wamezoea unga wenye moto wa mazutu," aliniambia. "Wanaona huu iko baridi, haushibishi. Siwalaumu." Nikamwambia huo ni upuuzi, unga ni unga. Lakini nami sikuwa na maelezo mengine, na kumpigia mtu kelele bila maelezo hakumsaidii.

Idi ikafika. Pili aliniletea sahani ya nyama na wali kama kila mwaka, mimi Mkristo wa watu, na pamoja na sahani akaniletea sufuria yake kubwa, ile ya shughuli. "Ubaki nayo," akasema. "Muyinga wako na masufuria mengi." Nilimrudishia. Akaiweka mlangoni kwangu, akaondoka. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani. Jumatano Athumani akapiga simu kwamba lori limepatikana na Jumamosi atakuwa Gitega.

Alhamisi niko sokoni. Akaja Dorotea, mama mmoja wa mlima wa ng'ambo, mwenye maneno mengi na mkono mzito wa kutoa pesa. Alishika kitenge, akakikunjua, akakikunja, kisha akasema:

"Yoo, Mama Gracieuse, pole ya jirani yako. Mama wa watu! Alishaka kwenda kwao Muyinga?"

"Nani amekwambia ameenda?"

"Kwani si mashini ilikufa? Mwezi muzima hailiake."

"Iko anasaga kila siku! Anasaga na jua. Ni nyinyi hamukuyake."

Dorotea alinitazama kama mtu anayedanganywa mchana kweupe. "Anasaga? Na kelele iko wapi?"

Kisha akanieleza, polepole, kama anavyoelezwa mgeni. Shida ya mazutu ilipoanza alishuka mara tatu na mzigo, akakuta mlango umefungwa. Mara ya tatu alianguka, mihogo ikamwagika bondeni. Tangu siku hiyo yeye na wenzake hawashuki hivihivi. Asubuhi mmoja anasimama juu, kwenye migomba, anasikiliza. Akisikia tuku-tuku, anaita wenzake, wanapakia beseni. Asiposikia, wanatwanga nyumbani au wanapanda mpaka mashine ya upande wa pili, mbali, kwa mtu mwenye jeuri. "Sisi tunasikilizaka kwanza," alisema. "Ile mlima si ya kuchezea."

Miaka kumi na moja nimeisikiliza ile kelele kwa chuki. Haikunijia hata siku moja kwamba ng'ambo kuna watu walikuwa wanaisikiliza kwa haja. Na Pili, aliyekuwa akiziba masikio kwa pamba akifanya kazi, yeye angejulia wapi? Nilimwachia Dorotea kitenge mkononi, nikamwomba jirani wa kibanda aangalie biashara, nikakimbia. Mwanamke wa umri wangu akikimbia Gitega watu wanauliza nani amekufa. Niliwajibu hajafa mtu.

"Dada!" nilimpigia Pili kelele nikiwa bado barabarani. "Si unga! Batu habasikie! Mashini haina sauti, banasema umefunga!"

Alikuwa anafunga magodoro kwa kamba. Alikaa juu yake. Kwanza alicheka, akacheka mpaka akashika tumbo, halafu uso ukambadilika akalia sana. "Kopo," alisema. "Shafii aliweka kopo ju wale wa ng'ambo wasikie. Na mi nilimwambiaka alitoe, ju yako!"

Tukalitoa kopo la Shafii kwenye bomba, tukaligonga kwa nyundo. Lilitoa mlio wa kopo. Haukufika hata kona ya barabara. Tukagonga beseni, tukagonga kipande cha bati. Kuku walikimbia, basi. Nilitoka nje kuvuta pumzi, na uani kwangu nikaiona teksi ya Cubaka, safi, inang'aa, haina kazi, na Cubaka mwenyewe amekaa kivulini kwenye kiti.

"Baba Gracieuse, nipe janti moja."

"Janti gani?"

"Rimu ya gari. Ile ya akiba."

"Umerogwa?"

"Gari haitembeake! Inne zinakutosha kwa kukaa."

Alisimama mbele ya buti kama askari. Alisema siku esansi ikirudi atafanya nini njiani tairi likipasuka. Nilimwambia siku esansi ikirudi nitambebea tairi kichwani mwenyewe. Kisha Pili akaja, macho mekundu, akasimama pale na kopo la Shafii mkononi. Cubaka alimtazama, akafungua buti. Kulivua tairi kutoka kwenye ile rimu kulimchukua muda mrefu, kwa vyuma viwili na matusi ya Kishi, lugha yetu ya Kivu, na mdomo alikuwa ameuvimbisha mpaka mwisho. Lakini ni yeye aliyeitundika kwenye mti wa avoka, na ni yeye aliyeipiga mara ya kwanza kwa kipande cha springi.

Ilisikika mpaka barabara kuu. Katekista akatuma mtu kuuliza ni ibada gani hiyo ya Alhamisi.

Ijumaa saa tatu jua lilifika kwenye paneli. Pili akawasha mota, akashika chuma, akaanza kupiga rimu haraka haraka. Nikamsimamisha.

"Apana, dada. Hivyo ni kama nyumba inaungua. Inaanzaka pole. Inakohoa mbili. Halafu ndio inashika."

"We unajua?"

"Mi sijui? Mi niliyelala nayo ukuta moja?"

Nikachukua chuma. Mlio ule ulikuwa kichwani mwangu wote, tangu kukohoa mpaka kushika mwendo, na nikaupiga ulivyokuwa: pole, pole, kukohoa mara mbili, kisha tuku-tuku-tuku. Mkono uliuma. Niliendelea. Tulipoacha, tukasimama na kutazama ng'ambo. Njia nyekundu ya mlimani ilikuwa tupu. Pili alikuwa anasoma kitu kimoyomoyo, midomo inacheza. Mimi nami nilisali, kwa upande wangu.

Kwanza lilitokea beseni moja la buluu kwenye migomba. Likashuka. Nyuma yake la pili, na jingine jekundu, na gunia kwenye baiskeli. Dorotea ndiye aliyekuwa mbele, anaongea tangu mbali. Mpaka adhuhuri uani hapakuwa na pa kukanyaga, na Pili alikuwa mweupe nywele mpaka kope. Nilikaa chini kwenye kizingiti chake. Niliona raha kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Jumamosi Athumani akafika na lori. Hakuweza kuusogelea mlango. Ilibidi aseme "hodi, hodi" katikati ya mabeseni kama mteja, na mama mmoja akamwambia afuate foleni. Alipofika ndani aliinama akaichungulia mota ile ndogo.

"Na mvua ikinyesha, Pili?"

"Mvua nikitoka nje naiona, kaka. Mawingu naiona tangu asubuhi. Mazutu mi nilikuwa naijuaka inakuja lini?"

Athumani akageuka kuitazama injini iliyosukumwa pembeni. Alisema basi ataichukua injini tu, kwa kuwa mnunuzi anaingoja, na mambo ya chumba yatazungumzwa baadaye. Wakaipakia injini. Kisha dereva akamwita pembeni: mafuta ya kurudia walikuwa wamepanga kununua Gitega, na Gitega nzima hakukuwa na tone.

Alikaa siku tisa. Mfanyabiashara mzima wa Muyinga, asiyekosa mafuta, siku tisa alikula bugali wa unga wa jua nyumbani kwa dada yake, akasifu, akaongeza. Siku ya tano alijaribu kuipiga rimu mwenyewe. Aliipiga vibaya na nikamnyang'anya chuma. Mafuta yalipopatikana aliondoka na injini, na dada yake akabaki mlangoni kwake akimpungia mkono wa unga. Kopo la Shafii halikuondoka. Pili analitumia kupimia mihogo.

Sufuria kubwa nilimrudishia siku ileile, na safari hii hakubisha.

Mwezi wa tisa Athumani alipiga simu, na Pili akaiweka sauti kubwa ili nami nisikie. Aliuliza habari za afya, za mvua, za majirani wote kwa majina. Kisha akakohoa. "Yule fundi wako wa Itaba," alisema, "huwa anafika Muyinga? Aliyenunua injini amenirudishia. Hata huku sasa tunakaa foleni." Pili alinikonyeza, akamsomea namba ya Valentin taratibu, tarakimu moja moja.

Kazi ya kupiga rimu ilibaki kuwa yangu, maana hakuna mwingine anayeiweza. Jua likifika kwenye bati, napiga kabla sijaenda sokoni. Siku ya mawingu sipigi, na Dorotea anabaki juu kwake, miguu imepumzika. Cubaka bado anasema siku esansi ikirudi rimu yake inashuka kwenye mti.

Wiki iliyopita nilichelewa kuamka. Jua lilikwisha kupanda nami nimelala fofofo, na nikashtushwa na ngumi kwenye dirisha langu. Nilifungua. Pili alikuwa amesimama pale, kanga kiunoni, amekasirika kwelikweli.

"Mama Gracieuse! Jua imefika na batu wananingojea huko juu!" alinipigia kelele. "Kelele iko wapi?"